Mzani, Sindano na Akili ya Mtoto

Kwa zaidi ya nusu karne, mama wa Afrika Mashariki amedamka siku ya kliniki, akamfunga mtoto mgongoni na kwenda kupanga foleni zahanati akiwa na kadi mkononi. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, nukta inawekwa kwenye kadi, na mama anapewa tarehe ya kurudi. Ni vigumu kutaja huduma nyingine ya serikali ambayo wazazi wameiamini kiasi hicho. Lakini mtoto yuleyule akifika miaka saba, akawa hasemi na mtu, analia usingizini, anawapiga wenzake au anajitenga mchana kutwa, mama harudi zahanati. Atakwenda kwa bibi, kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Pengine atanyamaza.

Wataalamu wamezoea kuuita ukimya huo ujinga, au ushirikina. Mimi naamini ni kumbukumbu. Wazazi wetu wamefundishwa na historia wasiipeleke akili ya mtoto hospitali, na historia hiyo ina majengo, ina miaka na ina majina ya watu.

Kabla ya zahanati, ugonjwa wa mtoto ulikuwa shauri la ukoo. Bibi, shangazi na mama mkwe ndio waliokaa wakautazama, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuamua ni ugonjwa wa namna gani: umetoka kwa Mungu, umetumwa na mtu, ni wa mizimu, au kuna mwiko uliovunjwa. Uamuzi huo ndio ulioonyesha njia ya kufuata. Hospitali zilipokuja hazikuifuta desturi hii. Ziliongezewa fungu lao, "ugonjwa wa hospitali", na maradhi mengine yakabaki palepale yalipokuwa.

Degedege ndiyo iliyodhihirisha mpaka huo kuliko ugonjwa wowote. Mtoto anapata homa, macho yanageuka, mwili unakakamaa na kutetemeka. Pwani ya Tanzania na Kenya wazazi waliihusisha hali hiyo na dege au pepo apitaye juu ya mtoto. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta akina mama wengi wakianza kwa mganga, mtoto anafukizwa kwa kinyesi cha tembo na kuogeshwa dawa za mitishamba, kwa sababu iliaminika kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo haikuzuka hewani. Watoto waliofikishwa hospitali wakiwa hoi kwa malaria kali kweli walikufa, tena mara nyingi baada ya sindano, na majirani waliyaona hayo kwa macho yao. Mzazi alihesabu alichokiona. Isitoshe, waliopona hawakupona wote sawasawa: utafiti uliofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Hospitali ilimruhusu mtoto aende nyumbani, na hapo ndipo mzazi alipoanza kumwona mwanawe amebadilika, bila mtu wa kumwambia kwamba mabadiliko yale yana jina na yana msaada.

Hospitali ya akili yenyewe iliingiaje katika nchi hizi? Lutindi, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, Wajerumani wa Kiprotestanti walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, pa kwanza katika koloni lile. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya watoto walioona ukatili wa misafara ya watumwa, na mara iliposhika kazi ya kutunza akili, watoto wakawa si wake tena. Nairobi, mwaka 1910, serikali ya Waingereza ilichukua majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui ikayafanya nyumba ya wendawazimu. Ndiyo Mathari ya leo. Dodoma ikapata yake mwaka 1927, nayo ndiyo Mirembe.

Tabia ya nyumba hizo ilikuwa moja. Zilikuwa mbali, zilikuwa na kuta, na mgonjwa alifikishwa huko kwa amri ya hakimu na mkono wa polisi. Hakuna mzazi aliyekwenda kuomba ushauri kisha akarudi na mtoto wake jioni. Aliyeingia alihesabiwa amepotea, na ukoo wake ukaandamwa na maneno pale ilipofika siku ya kuposa au kuposwa. Mpaka leo watoto wa Tanzania wakitaniana huambiana "umetoka Mirembe", na Nairobi jina la Mathari hutumika vivyo hivyo. Mzazi anayesikia nesi akitamka maneno "afya ya akili" husikia jina la jengo lile kabla ya kusikia jambo jingine lolote.

Juu ya kuta hizo kukaja nadharia. Dkt. H. L. Gordon, aliyefanya kazi Mathari katika miaka ya 1930, alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha walowezi cha kuboresha nasaba kilichoundwa Kenya mwaka 1933, na alidai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kuzaliwa na kwamba elimu ya Kizungu ingeweza kumvuruga kijana akili. J. C. Carothers, aliyeshika Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alipotafuta sababu aligusa malezi: mama wa Kiafrika anavyonyonyesha, anavyomwachisha mtoto ziwa, asivyomjibu maswali. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tiba ya akili ilipomtazama mama wa Kiafrika akiwa na mwanawe, na ilimtazama kama mshtakiwa.

Haikuwa huku peke yake. Baltimore, Marekani, mwaka 1930, Leo Kanner alianzisha kliniki ya akili ndani ya hospitali ya watoto ya Johns Hopkins. Wazo lilikuwa jema kabisa, kwamba daktari wa homa na daktari wa akili wakae nyumba moja na mzazi asihangaike. Mwaka 1943 Kanner huyo akaeleza usonji kwa mara ya kwanza, lakini kufikia mwaka 1949 alikuwa akiwasema wazazi wa watoto hao kuwa ni watu baridi wasio na mapenzi. Bruno Bettelheim akaichukua hoja hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1967 kikawatwisha akina mama kosa la usonji wa watoto wao. Aliyeipinga mapema na kwa nguvu, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye pia alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Hata katika nchi tajiri, basi, wazazi walijifunza kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari wa akili ni kwenda kuulizwa wamekosa nini.

Mwaka huohuo wa 1967 kilitoka kitabu kingine, cha Mary Ainsworth, kuhusu watoto wachanga wa Uganda. Ainsworth alikuwa amekaa karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 majumbani mwao, akiangalia mtoto anavyolia mama akitoka, anavyomfuata, anavyotulia akibebwa. Hakuja na hukumu mfukoni. Aliyoyaona kwenye vibaraza vya Buganda, kwamba mtoto hutoka kuuchunguza ulimwengu akiwa na hakika ya mama anayemwitikia, yakawa sehemu ya msingi wa elimu ya malezi inayofundishwa leo dunia nzima. Alikuja miaka michache tu baada ya Carothers kuondoka Mathari, naye alikuwa Mzungu vilevile. Alichofanya tofauti ni kukaa na akina mama na kuwasikiliza.

Nikitakiwa nichague mahali pamoja panapoeleza jambo hili lote, nitachagua Mahenge, katika nyanda za juu za Ulanga mkoani Morogoro.

Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norwei, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 akakuta kifafa kimeenea miongoni mwa Wapogoro kuliko alivyopata kusikia popote. Wagonjwa wengi walikuwa watoto na vijana. Watu waliamini kinaambukiza, kwa mate na kwa kumgusa mtu akiwa ameanguka. Mtoto wa kifafa alikula peke yake kwa chombo chake, alilala kando, na akianguka motoni wengine waliogopa kumvuta. Miili mingi ilikuwa na makovu ya moto. Tusikimbilie kusema kwamba wazazi wale hawakuwa na huruma. Mama mwenye watoto watano, ambaye anaamini kwa dhati kwamba mate ya mmoja yatawaangusha wanne waliobaki, ana uamuzi ambao hakuna anayemwonea wivu.

Jilek-Aall alifungua kliniki papohapo Mahenge. Hakujenga ukuta na hakutuma polisi. Alitoa vidonge vya bei nafuu vya kuzuia degedege, hasa fenobabitoni, akaeleza kwamba vinywewe kila siku, akaandika majina na tarehe za kurudi. Mwanzo walikuja wachache, wengine wamefichwa na jamaa zao. Kisha majirani wakaona kwamba fulani aliyekuwa akianguka kila wiki hajaanguka muda mrefu. Mtoto aliyetengwa akarudishwa kwenye sinia la wenzake. Hapo safari za kwenda kliniki zikaanza, watu wakitembea masafa marefu milimani, na orodha ikafikia wagonjwa kiasi cha 200. Daktari alipoondoka kazi haikufa. Iliendelezwa na wauguzi wa misheni, naye akarudi miaka mingi baadaye kuwaona wagonjwa wake.

Tazama nini kilibadilisha mtazamo wa wazazi pale. Hakuna aliyewahubiria kuwa mizimu ni uongo. Wengi waliendelea kwenda kwa waganga wao, na Jilek-Aall, ambaye baadaye aliandika sana juu ya tiba za jadi, hakuwagombeza. Kilichowaleta ni dawa iliyofanya kazi mbele ya macho ya kijiji, iliyopatikana karibu, kutoka kwa mtu ambaye hakuwalaumu. Mambo hayo matatu yakikutana, mzazi huja. Moja likikosekana, huondoka, nasi tunabaki kusema kwamba jamii haina mwamko.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, Tanzania iligeukia vijiji. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa kwa kasi katika muongo uliofuata, na Septemba 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata kutangaza afya ya msingi kwa wote, nchi hii ilikuwa na cha kuonyesha. Nguzo ya kliniki ya mtoto ilikuwa kadi yenye mstari wa uzito, aina iliyobuniwa na David Morley alipokuwa daktari katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria. Uzuri wa kadi ile ni kwamba ilikaa nyumbani kwa mama. Ilimfanya mwenye mali: alijua nukta ikipanda mtoto anakua, ikilala kuna hatari, na hakuhitaji kusoma ili kuelewa. Utapiamlo, ambao nao zamani ulidhaniwa ni matokeo ya wazazi kuvunja miiko ya unyumba, ukawa jambo la kuzungumzwa mbele ya watu kwenye foleni bila fedheha kubwa. Akili haikupata mstari kwenye kadi ile.

Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likijaribu kujua mambo yakoje. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, watoto 925 waliofikishwa kwenye vituo vya afya ya msingi katika nchi nne, Sudan, India, Ufilipino na Kolombia, walichunguzwa kwa makini. Waliokutwa na tatizo la akili au la tabia walikuwa kati ya asilimia 12 na 29 kutegemea nchi. Walikuwa wameletwa kwa homa, kikohozi, maumivu ya tumbo. Wahudumu hawakuwatambua walio wengi. Lakini watafiti walikuwa wameandaa maswali 10 mepesi ya kumuuliza mzazi: je, mtoto husema kwa shida, hulala vibaya, huanguka degedege, huumwa kichwa mara kwa mara, hutoroka nyumbani, hucheza na wenzake? Wazazi walijibu. Walikuwa wanajua siku zote. Aliyekuwa hajui ni mtu wa upande wa pili wa meza, kwa sababu hakuwa ameuliza.

Tanzania yenyewe ilianza mapema miaka ya 1980 kuingiza tiba ya akili katika zahanati, kwa majaribio mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark. Wahudumu wa vijijini walifundishwa kutambua kichaa na kifafa na kutoa dawa hukohuko, mgonjwa asisafirishwe Dodoma. Ulikuwa mpango wa kijasiri, na miongoni mwa Watanzania walioutetea na kuuandika ni Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili. Jicho la mpango huo, hata hivyo, lilikuwa zaidi kwa mtu mzima anayesumbua kijiji. Mtoto mwenye huzuni hasumbui kijiji.

Kisha uchumi ukaanguka. Kenya ilianza kuchangisha wagonjwa mwaka 1989, Tanzania mwaka 1993. Watoto wadogo na wagonjwa wa akili walisamehewa malipo, lakini msamaha haujazi kabati la dawa. Mzazi aliyefundishwa kwamba kidonge cha kifafa kisikatishwe hata siku moja aliambiwa akakinunue duka la dawa. Kukatisha ghafla dawa ya kifafa huweza kuleta degedege mfululizo na kuua. Kwa hiyo mzazi aliyetii hospitali, halafu akakosa dawa, alimwona mtoto akirudi vibaya kuliko mwanzo, na jirani aliyekwenda kwa mganga akapata ushahidi wake. Nalihesabu kosa hili kuwa kubwa kuliko ushirikina wote uliopata kulaumiwa.

Kaskazini mwa Uganda liliongezwa funzo jingine. Katika wilaya za Kitgum na Pader, zilizokuwa na kambi za vita, watoto walianza kutikisa vichwa wapewapo chakula, wakazidi kudhoofika mwili na akili. Jilek-Aall alikuwa ameona hali kama hiyo Mahenge tangu miaka ya 1960. Wataalamu waliitwa mwaka 2009. Wazazi waliwafunga watoto kwa kamba kwenye miti ili waende shambani, wasianguke motoni au kupotea porini, na picha zao zikazunguka dunia kama ushahidi wa ukatili. Ni wazazi haohao waliopiga kelele mpaka serikali ikafungua vituo vya tiba mwaka 2012. Utafiti umeihusisha hali hiyo na usubi, unaoenezwa na inzi wa mito yenye maji ya kasi. Kamba zilifungwa na watu waliokuwa hawana huduma, na huduma ilipofika wakaipokea.

Pwani ya Kenya, watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 mazungumzo yao na wazazi na wahudumu kuhusu usonji. Walitajiwa pepo wabaya, laana na uchawi, na katika mazungumzo hayohayo wakatajiwa matatizo ya ujauzito na maambukizi. Kuhusu tiba, watu walisimulia waganga, maombi na hospitali, vyote pamoja. Anayetarajia mzazi achague upande mmoja hajawahi kulea mtoto asiyesema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwenye uchungu hubisha hodi kila mlango.

Miaka ya karibuni imeleta mambo mengi kwenye karatasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kwa wahudumu wasio mabingwa una sehemu ya watoto na vijana. Nchini Kenya, kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo inawagusa wazazi moja kwa moja, maana aliyemkimbiza bintiye hospitali baada ya kunywa sumu alihofia kituo cha polisi baada ya wodi. Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na neno "malezi" limeingia kliniki, pamoja na kucheza na mtoto na kuzungumza naye. Nafurahia hilo. Lakini programu hiyo inahusu umri wa hadi miaka minane, na kliniki ya kila mwezi yenyewe humalizika mtoto akifikisha mitano. Wengi huacha kwenda mara chanjo ya surua inapokamilika.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa umri huo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, wengi wao shuleni, na kwa baadhi yao ndiyo mara ya kwanza kukutana na muuguzi bila kuwa wagonjwa tangu utotoni. Wavulana hawana hata hiyo. Kati ya surua na hapo kuna miaka mingi ambayo mzazi hana tarehe yoyote ya kumpeleka mtoto mzima wa mwili kwa mtu wa afya, na ndani ya miaka hiyo mtoto anaanza shule, anafiwa, anahamishiwa kwa ndugu, anapigwa, anabalehe. Nesi wa zahanati anayeaminiwa na mama yule yupo palepale, wala hahitaji jengo jipya wala kibao kipya mlangoni. Kinachohitajika ni yeye, kabati la dawa lisilo tupu, na maswali kama yale 10 yaliyojaribiwa Sudan zaidi ya miaka 40 iliyopita, yaulizwe kwa Kiswahili, kwa mama na kwa baba, mtoto akiwa ameletwa kwa homa.